Makachero Waliolelewa na Wahariri

Mwaka 1958 Muhammed Said Abdulla alianza kuhariri Mkulima, gazeti la kilimo la Zanzibar. Wakati huohuo mswada wake wa hadithi ya mauaji ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la 1957/58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau. Kwa miaka kumi hivi alikuwa ametumikia idara ya afya, na mwaka 1948 akaingia magazetini: akahariri Zanzibari, kisha akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mswada ule ulitoka kama kitabu mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko ambaye jina lake ni herufi za mwanzo za jina la aliyemtunga.

Wapenzi wa riwaya za upelelezi huuliza kwa nini Kiswahili hakikupata jarida lake lenyewe la hadithi hizi, likadumu miongo na miongo. Wamarekani wanalo Ellery Queen's Mystery Magazine, lililoanza 1941 na linaendelea hadi leo. Waingereza walikuwa na The Strand Magazine, lililoanza 1891 na kufungwa 1950, ambalo kurasa zake ndizo zilizomfanya Sherlock Holmes kuwa mtu wa kila nyumba. Swali ni la haki, ila lina kichekesho ndani yake. Karibu kila aliyemtungia Mswahili kachero wa kukumbukwa alikuwa mtu wa magazeti. Kachero wa Kiswahili hakukosa wahariri hata siku moja. Alichokosa ni gazeti lake mwenyewe, na ukosefu huo umeathiri hata namna visa vyake vinavyosukwa.

Kwanza itazamwe kazi ya jarida la namna hiyo. Linanunua hadithi fupi iliyokamilika, linalipa, kisha mwezi ujao linataka nyingine. Kwa mwandishi hilo ni shule yenye mshahara. Raymond Chandler alichapisha hadithi yake ya kwanza ya upelelezi katika Black Mask mwaka 1933, naye Dashiell Hammett alikuwa amekwisha kujenga jina kupitia jarida hilohilo. Ellery Queen's kwa miaka mingi limetenga nafasi maalumu kwa watu wanaochapisha kwa mara ya kwanza. Msomaji naye hufunzwa bila kujua. Kila mwezi anapewa maiti, dalili, washukiwa watatu au wanne na jibu, vyote katika kikao kimoja, mpaka jicho lake linakuwa kali na mwandishi hathubutu tena kumdanganya kwa ujanja wa kitoto.

Afrika Mashariki ilipewa kitu kingine. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, ilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni cha kukuza usomaji, na njia yake ilikuwa mashindano na vitabu vyembamba vya bei nafuu. Kwa Muhammed Said Abdulla, au MSA, njia hiyo ilizaa matunda, kwa kuwa alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kusahihisha makala za wenzake. Katika Mzimu, tajiri Ali Bomani anakutwa ameuawa kwenye mzimu wa wahenga. Mji una maelezo tayari: mahali penyewe panajulikana, na mizimu haihitaji sababu. Bwana Msa haibezi imani ya watu wala haichukui kama jibu. Anakaa na kiko chake, anamsikiliza rafiki yake Najum akikimbilia hitimisho, anamwacha Inspekta Seif afuate njia yake ya kipolisi, na kidogokidogo anaonyesha kwamba aliyeua ni mtu mwenye mikono na sababu. Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kinarudia mchezo huo tangu jina lake, kwani Giningi ni mji wa wachawi katika masimulizi ya Wazanzibari.

Kutoka kitabu cha kwanza hadi cha pili ilipita miaka minane. Kisima cha Giningi kilichapishwa na Evans Brothers wa London mwaka 1968, mwaka uleule MSA alipostaafu Mkulima. Baada ya kustaafu mlango ukafunguka: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, vyote kutoka East African Publishing House ya Nairobi. Vitabu vinne katika miaka minne, kwa mtu aliyehitaji miaka minane kutoa kimoja alipokuwa na gazeti la kuhariri! Aliyelipwa mshahara kwa ajili ya kilimo alimtunza Bwana Msa kwa muda wa ziada.

Bara nako kachero wa kwanza kutamba aliandikwa na mtu wa magazeti. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyochapishwa na Bureau mwaka 1965, ilimleta Inspekta Wingo, askari wa kazi mwenye ofisi, gari na wakubwa wa kuwaripotia. Kitisho cha hadithi hiyo kimo kwenye simu ya mezani, chombo ambacho wasomaji wengi wa siku hizo hawakuwa nacho nyumbani, na kwa hiyo mlio wake tu ulikuwa na uzito. Huku bara mambo ya mizimu yaliwekwa kando, jiji likashika nafasi yake.

Katalambulla ndiye pia aliyekaribia zaidi kuipa Tanzania jarida la kachero. Alihariri Film Tanzania, jarida la hadithi za picha, na ili kuelewa kwa nini lilihitajika ni lazima kumtaja Lance Spearman. Huyu alikuwa nyota wa African Film, jarida la kampuni ya Drum lililosambaa Afrika Mashariki na Magharibi tangu miaka ya 1960. Ukurasa wake ulikuwa miraba ya picha nyeusi na nyeupe zenye watu halisi, na maneno ya wahusika yamechapwa ndani ya povu juu ya vichwa vyao. Spear alivaa kofia ya panama na tai ya kipepeo, akaendesha gari la michezo, akapiga watu bila kofia kuanguka. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi waliiga mavazi na maneno yake. Mwigizaji wake, Jore Mkwanazi, alitoka Afrika Kusini, na mwenye kampuni, Jim Bailey, alikuwa mtoto wa tajiri wa migodi ya huko. Hapo pana kitu cha kutafakari kidogo: nchi iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa ikimshangilia shujaa aliyetengenezwa kwenye biashara iliyoanzia Afrika Kusini. Ila kwa kijana, kumwona mtu mweusi akiwa ndiye mjanja, ndiye mwenye bastola, ndiye anayewaamuru polisi, kulitosha.

Spear alisema Kiingereza. Film Tanzania ilichukua umbo lilelile la miraba na mapovu, ikalijaza Kiswahili, sura za hapa na mitaa ya hapa. Kama kuna chapisho ambalo lingeweza kukua likawa Ellery Queen ya Waswahili, ni hilo: lilikuwa na mhariri aliyekwisha kuandika riwaya ya upelelezi, lina wasomaji waliozoea visa vya namna hiyo, na lina bei ambayo mtu wa kawaida angeimudu. Lakini hadithi ya picha ni ghali kuitengeneza kuliko inavyoonekana. Inataka waigizaji, mpiga picha, karatasi nzuri na wino usiotapakaa. Hadithi ya maneno matupu inataka mtu na taipureta.

Halafu ikaja 1977. Februari mwaka huo mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. East African Literature Bureau ilikuwa chombo cha pamoja cha nchi hizo, nayo ikaenda na Jumuiya. Vitabu vya MSA vya miaka ya 1970 vilikuwa vikichapishwa Nairobi, na sasa Nairobi ilikuwa upande wa pili wa mpaka uliokaa umefungwa mpaka 1983. Ikafuata vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada yake uhaba wa fedha za kigeni uliofanya karatasi kuwa bidhaa ya kupigania kama sukari na sabuni. Mtu ambaye angeota kuanzisha jarida la hadithi wakati huo angepaswa kwanza kueleza kwa nini apewe karatasi yeye na si shule za msingi.

Ajabu ni kwamba miaka hiyohiyo ya dhiki ndiyo riwaya za upelelezi zilipofurika. Waliokosa mchapishaji waligeuka wachapishaji. Elvis Musiba, ambaye Kufa na Kupona yake ilikuwa imetoka Bureau mwaka 1974, alitoa Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, kisha Njama, kupitia Continental Publishers ya Dar es Salaam. Hammie Rajab alitoa Ufunguo wa Bandia mwaka 1979. Eddie Ganzel, mwandishi wa habari za michezo aliyekuwa ametoa Ndoto ya Mwendawazimu mwaka 1972, alikuja na Kijasho Chembamba mwaka 1980. Wahakiki wa chuo kikuu waliviita vitabu hivi riwaya pendwa, na jinsi walivyolitamka neno hilo haikuwa sifa. Waliona vinawatoa vijana kwenye fikra za ujenzi wa taifa. Walikosea kwa sehemu, maana shujaa wa Musiba ni mtumishi wa taifa kuliko wengi wao.

Willy Gamba ni jasusi wa serikali. Katika Kufa na Kupona nyaraka za harakati za ukombozi zinaibwa Dar es Salaam, naye anazifuata hadi Nairobi. Katika Kikosi cha Kisasi kazi inampeleka Kinshasa. Msomaji wa leo anaweza kutabasamu akiona jinsi mtu mmoja anavyovuka mipaka, anavyopendwa na kila binti wa mapokezi na anavyopona risasi zote. Lakini msingi wake ulikuwa kweli tupu. Kamati ya Ukombozi ilikuwa na makao Dar es Salaam tangu 1963, vyama vya wapigania uhuru vilikuwa na ofisi mjini, na majasusi wa wakoloni walikuwa na kila sababu ya kuwa hapo. Musiba, ambaye alikuja kuongoza chemba ya biashara, viwanda na kilimo ya Tanzania, alifariki 2010.

Ben Mtobwa alizaliwa 1958 huko Kigoma. Alipoanza kuandika, imani ya wasomaji kwa watumishi wa serikali kama Gamba ilikuwa imepungua. Joram Kiango wake hana mwajiri. Ana ofisi yake, ana msaidizi wake Neema na baadaye Nuru, ana deni na ana kiburi. Hufanya kazi na polisi pale tu inapomfaa. Msafara kutoka kwa Bwana Msa hadi kwake unaeleza mengi: bwana wa Unguja anayetumia akili yake bure, kisha inspekta, kisha jasusi wa taifa, kisha mtu binafsi asiyeamini ofisi yoyote. Hakuna aliyekaa akaupanga. Ulijipanga wenyewe kwa kadiri wasomaji walivyobadili mawazo yao juu ya serikali. Na Mtobwa naye, kama ilivyo ada, aliingia magazetini: alianzisha Heko, jina lililosimama kwenye vitabu na kwenye gazeti. Alifariki 2008.

Jarida moja tu lilidumu kweli kati ya yale yaliyokuwa jirani na ulimwengu huu, nalo ni Sani, lililoanza katikati ya miaka ya 1980. Jina lilifinyangwa kutoka kwa Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Lilikuwa la katuni na vichekesho, la Ndumilakuwili, Lodilofa, Kipepe, Madenge na Pimbi, wahusika waliochorwa kwanza na Philip Ndunguru, na hadithi za maneno zilipata nafasi ndani yake. Sani lilidumu kwa sababu halikumtegemea msomaji wa aina moja. Baba alinunua, mtoto akaiba, jirani akaazima.

Vyombo binafsi vya habari viliporuhusiwa kupumua, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, hadithi zilipata makao mapya: magazeti ya udaku. Hapo Eric Shigongo alikuwa na uwezo ambao MSA hakuupata, wa kumiliki gazeti na kuliandikia hadithi yeye mwenyewe. Kampuni yake, Global Publishers, ilitoa Uwazi, Ijumaa, Amani, Risasi na mengine, na riwaya kama Rais Anampenda Mke Wangu zilisomwa vipande vipande kabla ya kuwa vitabu. Neno la mwisho la kila kipande lilikuwa lilelile, itaendelea, na lilifanya kazi ya afisa mauzo.

Hapo ndipo fumbo lilipokufa, na ni haki kusema wazi lilivyokufa. Hadithi ya upelelezi wa kweli inadai kumbukumbu. Mwandishi anaweka kifungo cha shati kwenye ukurasa wa kumi na kukiokota kwenye ukurasa wa mia. Msomaji wa gazeti la wiki hawezi kubeba kifungo hicho miezi mitano, hasa akiwa amekosa matoleo mawili kwa sababu fedha ilikwenda kwenye unga. Mwandishi wa mfululizo analijua hilo, kwa hiyo haweki kifungo. Anaweka kisu shingoni mwa mtu mwishoni mwa kipande, na wiki ijayo anakiondoa. Mapenzi, kisasi, uchawi na magonjwa huingia kwa mlango huohuo, kwa kuwa hayahitaji mtu kukumbuka chochote zaidi ya nani anampenda nani. Shigongo ni fundi wa kazi hiyo, na hakuna dharau katika kusema hivyo. Lakini mjukuu wa Bwana Msa asingepata riziki kwenye Uwazi.

Kwa msomaji wa hapa Dodoma tatizo la toleo lililokosekana lilikuwa kubwa zaidi. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 450, na zamani gazeti lililochapwa pwani lilifika uwanda wa kati kwa treni au basi likiwa limechoka, nakala chache, na za vijijini chache zaidi. Kitabu kizima kilistahimili safari hiyo vizuri kuliko mfululizo. Ndiyo sababu wazee wengi wa hapa humkumbuka Willy Gamba kama kitabu kilichochanika jalada, kilichopita mikono ya watumishi, walimu na makarani wa reli, huku aliyekinunua akiwa hajulikani tena.

Siku hizi hali imegeuka kwa namna ambayo ingewafurahisha watunzi wenyewe. Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na kata kama Ipagala, upande wa mashariki wa jiji, zimejaa nyumba mpya za watu waliohama na ofisi zao. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kinafundisha fasihi ya Kiswahili kwa vijana wanaoandika tasnifu juu ya Joram Kiango bila kuona haya. Shigongo mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020, na vikao vya Bunge vikamleta huku. Mji una wizara, mahakama, zabuni, viwanja vyenye wamiliki wawili na faili zilizosafiri kwa lori. Bado riwaya nyingi za makachero zinarudi Dar es Salaam kana kwamba mhalifu hawezi kufanya kazi bila bahari. Huo ni uvivu, na mwandishi kijana wa Ipagala anayeuona angekuwa na uwanja karibu wote peke yake.

Angechapisha wapi, hilo ndilo gumu. Magazeti ya karatasi yamepungua, na watu wengi hukiinamia kibanda cha magazeti kusoma vichwa vya habari kisha wakaendelea na safari. Hadithi zimehamia kwenye simu, kwenye makundi ambamo msomaji hulipia sehemu au msimu mzima. Utaratibu huo umerithi ugonjwa wa udaku, tena kwa ukali, kwani mwenye kundi anapata pesa kwa kila sehemu na hana sababu ya kutaka kisa kiishe. Hadithi fupi ya kurasa nane, yenye maiti mwanzoni na jibu mwishoni, ingetosha kabisa kwenye kioo cha simu na ingesomwa kati ya Ipagala na katikati ya mji ndani ya daladala. Ni nadra kuiona, kwa sababu hakuna mhariri anayeiagiza wala kuilipia.

Waliochagua kitabu wamerudia njia ya Musiba. Hussein Tuwa, mtunzi wa Mkimbizi, pamoja na wenzake wa Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira, UWARIDI, wameandika riwaya nene za taharuki ambamo dalili zinawekwa mapema na kuokotwa baadaye, kwa kuwa kitabu kizima kinaruhusu. Wanajitangaza wenyewe mitandaoni na wanauza wenyewe. Mnunuzi wa Dodoma hutuma pesa kwa simu, kitabu kinafungwa kwenye bahasha ya kaki na kupakiwa kwenye basi, naye hukifuata stendi ya Nzuguni pamoja na wanaosubiri vipuri vya pikipiki na magunia ya dagaa.